Waberberi katika Vyuo Vyetu

Mwanafunzi wa chuoni, awe wa Lamu au wa Unguja, anapoanza nahau ya Kiarabu huwekewa mbele yake kijitabu kiitwacho Ajurumiya. Aghalabu hukihitimu asijue kwamba mtungaji wake, Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, alikuwa Mberberi wa kabila la Sanhaja, na kwamba Ajurrum ni neno la Kiberberi lenye maana ya fakiri mcha Mungu.

Wala hayuko peke yake. Al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, naye asili yake ni Sanhaja. Burda yake husomwa pwani nzima. Na Hamziya yake ilifasiriwa na Sayyid Aidarusi bin Athumani, ikawa miongoni mwa kazi kongwe za ushairi wa Kiswahili zilizohifadhiwa kwa maandishi. Al-Jazuli, mtungaji wa Dalail al-Khairat, aliyefariki mwaka 1465, alitoka Jazula, kabila la Waberberi wa kusini mwa Moroko.

Hao walitufikia kwa vitabu. Ibn Battuta alitufikia kwa jahazi. Alizaliwa Tangier mwaka 1304, katika watu wa Lawata, na mwaka 1331 alipita Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, akafika Kilwa. Aliusifu mji huo kwa uzuri wake, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Lakini tazama alivyotutaja: watu wa Zaila aliwaita Barbara, wa Kilwa akawaita Zanj, na nchi yetu akaiita Sawahil. Mtu ambaye kabila lake lilipewa jina na wageni naye aliwataja wenyeji wake kwa majina ya wageni.

Waberberi wenyewe hujiita Imazighen, watu huru. Kwa kuwa wanazuoni wao waliandika kwa Kiarabu, lugha ya elimu iliufunika ukoo, nasi tukawahesabu wote kuwa Waarabu. Huko kwao haki hiyo imedaiwa kwa muda mrefu: lugha yao ilitambuliwa rasmi na katiba ya Moroko mwaka 2011, na ya Algeria mwaka 2016.

Sisi wa visiwani hatuna budi kujitazama pia. Akishuka bandarini mtu wa Tarime au Serengeti, twasema basi ni “mtu wa bara”, na neno tumelimaliza. Kumbe ni Mkurya, Mngoreme au Mwikoma. Na Mkurya naye ana ukoo wake, Mwirege au Mnyabasi, anaoutaja kabla ya jina la kabila. Kulijua jina hilo hakutugharimu ila kuuliza.

Basi Hamziya itakaposomwa tena, mwalimu na awatajie wanafunzi wake kabila la aliyeitunga.