Habari ya Punje Zilizoshinda Ghala za Mfalme

Mwaka mmoja wa njaa, jirani yetu katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Viktoria, si mbali na Mwanza, alikopa debe moja la mtama. Mwenye ghala alimwambia, "Mwezi ujao utanipa mawili. Usipoweza, deni litazidi maradufu kila mwezi." Mzee yule aliona ni jambo jepesi, akakubali. Baada ya miezi sita alidaiwa madebe 64, sawasawa na kete zote za bao. Ng'ombe wake wakaenda. Kwa sababu hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya kale.

Sataranji ni mchezo uliotoka Bara Hindi, nao una nyumba 64. Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, asimulia ya kuwa Sissa, aliyeubuni, aliambiwa na mfalme achague zawadi. Akaomba punje 1 ya ngano kwa nyumba ya kwanza, 2 kwa ya pili, 4 kwa ya tatu, na kuendelea hivyo mpaka ya mwisho. Mfalme alilidharau ombi lile. Lakini makarani walipohesabu, waliona ghala zote hazitoshi.

Hesabu yenyewe ilikwisha kufanywa na mtaalamu al-Biruni karibu na mwaka 1000. Aliona siri yake: punje za nyumba zote zilizotangulia, ukiongeza 1, ni sawa na za nyumba ifuatayo. Kwa maana 1 na 2 na 4 ni 7, na nyumba ifuatayo ina 8. Basi alichukua 16, akaizidisha kwa nafsi yake, akapata 256. Akafanya vivyo hivyo mara tatu tena, kisha akapunguza 1. Jumla ni 18,446,744,073,709,551,615.

Hesabu hii yagawanyika kwa 5, maana yaishia na 5. Na kwa 3, maana tarakimu zake zikijumlishwa ni 87. Yagawanyika pia kwa 4,294,967,297, ambayo Fermat wa Ufaransa alidhani mwaka 1640 kuwa haigawanyiki. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba yagawanyika kwa 641. Hata mwenye elimu hukosea akikisia.

Je, ni nyingi kadiri gani? Maji ya Ziwa Viktoria yapata kilomita za ujazo 2,700. Kama punje zile zingemwagwa humo, kila lita moja ingepata punje zaidi ya 6,000.

Ndugu zetu, deni la jirani yetu lingefika mwezi wa 12 lingekuwa madebe 4,096. Kwa hiyo kabla hujatia kidole gumba katika karatasi ya mkopo, mwite mwanao aliyesoma, mkae mbele ya bao, mhesabu pamoja kwa kete. Zikiisha kete kabla ya miezi kuisha, rudisha debe la watu.