Nyumba na Jua la Nairobi

Mji wa Nairobi ulipewa jina lake na baridi. Wamasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao katika kijito cha pale waliyaita maji yake maji ya baridi, na jina hilo likabaki hata baada ya kingo za kijito kusongwa na reli, maghala na majumba. Nakuomba, msomaji, ulishike neno hilo tangu mwanzo, maana watu wengi wakisikia ya kuwa mji uko karibu na ikweta hudhani adui wa mwenye nyumba ni joto peke yake.

Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, walakini imeinuliwa juu ya bahari mita 1,660 hivi pale katikati ya mji, na karibu mita 1,800 katika mitaa ya magharibi upande wa Dagoretti na Karen. Mchana wa Februari na Machi joto hufika kama digrii 26 au 27. Usiku wa Julai hushuka hata 11 au 12. Mwili wa mtu aliyevaa nguo za kawaida hustarehe mahali fulani kati ya hesabu hizo mbili. Tazama basi neema hii. Mkazi wa London asipowasha moto wakati wa baridi kali ataugua. Mkazi wa Maskati asipowasha mashine ya kupoza hewa wakati wa kiangazi hapati usingizi. Mkazi wa Nairobi hahitaji sana hiki wala kile, mradi nyumba yake iweze kuweka akiba ya joto la mchana kwa ajili ya usiku, na ya ubaridi wa usiku kwa ajili ya mchana. Habari nitakayokusimulia ni ya watu waliolijua jambo hilo, na jinsi ujuzi huo ulivyogawanywa.

Kabla ya reli, matuta ya magharibi yalikuwa ukingo wa nchi ya Wakikuyu. Nyumba yao ilikuwa ya duara, kuta zake fupi, paa lake la nyasi nene likiteremka karibu na ardhi. Ilikuwa desturi nyumba ikamilike kwa siku moja: miti, kamba na nyasi hukusanywa mapema, majirani hukutana asubuhi, na kabla ya usiku kuingia moto huwashwa ndani. Jomo Kenyatta aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya maisha ya Wakikuyu. Nyasi zile zilikamata hewa katikati yake, na hewa iliyokamatwa ni blanketi bora. Jua la mchana halikupita upesi kuingia, wala joto la usiku halikupita upesi kutoka. Katika nyumba ya mwanamke palikuwa na kizimba cha mbuzi au kondoo wa kunoneshwa, nao pia walitoa joto la miili yao bila kudai kuni.

Moto wa mafiga matatu ulifanya kazi tatu kwa kuni zile zile: ulipika, ulipasha watu joto, na moshi wake ulifukuza wadudu waharibuo nyasi na fito. Nyumba iliyoachwa bila moto ilianza kuoza. Sisemi ya kuwa moshi ule haukuwa na madhara. Macho na mapafu ya mama zetu yalilipa. Lakini utunzaji wa nyumba ulikuwa umefungwa ndani ya maisha ya kila siku, wala haukungoja fundi aitwe.

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na nyumba za mwanzo za mji zilishushwa kutoka mabehewani: mbao na mabati. Bati ni kitu chepesi cha kusafirisha na cha haraka kupigilia, na kwa mwenye haraka halina mpinzani. Ila halina akiba. Jua likichomoza lapata moto, jua likitua lapoa, na aliye chini yake huishi majira mawili kwa siku moja. Baadaye jiwe la kijivu lililochimbwa karibu na mji lilichukua mahali pa mbao. Jiwe hilo lilitokana na majivu ya volkano yaliyoshikamana, nalo huchongeka kwa nyundo na tindo. Mafundi wa Kihindi, na Waafrika waliojifunza kazi pamoja nao, walijenga kwalo kuta ambazo hupokea joto polepole na kulirudisha polepole, kwa muda wa saa kadhaa.

Wazungu wa kwanza waliokaa Nairobi walikuwa na hofu moja ambayo leo hutuchekesha. Madaktari wengi wa zama zile walifundisha ya kuwa jua la nyanda za juu za ikweta lina miali isiyoonekana, ipenyayo fuvu na uti wa mgongo na kuharibu neva. Kwa hiyo watu walivaa kofia nene za koki, wengine kofia mbili moja juu ya nyingine, na kitambaa kinene kilichoshonwa mgongoni. Wako waliokaa na kofia kichwani hata ndani ya nyumba, wakiamini ya kuwa bati halizuii miali hiyo! Elimu ile ilikuwa ya uongo, lakini hofu ya uongo ilizaa majengo ya kweli: baraza ndefu mbele ya vyumba, upenu mpana wa paa, dari juu ya kila chumba, na matundu ya hewa karibu na dari. Nyumba ambayo mhandisi wa Sweden, Åke Sjögren, aliijenga mwaka 1912 chini ya vilima vya Ngong, na ambayo Karen Blixen wa Denmark alikaa hata mwaka 1931, ni mfano unaoweza kwenda kuutazama, maana imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986: kuta za mawe, paa la vigae, na baraza ambayo kivuli chake hufika kabla ya mlango.

Sasa chukua karatasi na penseli, maana jambo hili halielezeki bila hesabu. Tarehe 21 Juni jua la adhuhuri halisimami utosini mwa Nairobi, bali huinama upande wa kaskazini karibu digrii 25. Tarehe 21 Desemba huinama upande wa kusini digrii 22 hivi. Hiyo ndiyo mipaka yake, haivuki. Upenu uliotokeza mita 1 tu nje ya ukuta wa kaskazini, adhuhuri ya Juni, hutupa kivuli kinachoteremka ukutani zaidi ya mita 2. Dirisha lote limesitirika. Geuka utazame ukuta wa magharibi. Mwezi wa Machi, karibu saa kumi na dakika arobaini alasiri, jua liko digrii 30 juu ya upeo wa macho, na upenu ule ule wa mita 1 hautii kivuli ila sentimita 58. Jua linaingia chumbani mpaka miguuni pa kitanda. Basi nyumba ya Nairobi yataka kulala mashariki na magharibi kama mtu aliyejinyosha, pande zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini, na upande wa machweo upewe ghala, ngazi au mti. Wanachuo wangu huipima hesabu hii kwa timazi na kipande cha ubao uani, na kila mwaka yuko mmoja anayeuliza gharama yake ni kiasi gani. Kugeuza ramani juu ya karatasi hakuli hata mfuko mmoja wa saruji.

Lakini nani aliyegeuziwa ramani? Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika ya Mashariki, akashauri mataifa yakae mbalimbali. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza ya kuwa ubaguzi wa makao mijini hautakuwa siasa yake tena, walakini masharti yaliyoandikwa katika hati za viwanja yaliendelea kumzuia Mwafrika na Mhindi. Baada ya ripoti ya Jaji Feetham ya mwaka 1927 mipaka ya mji ilipanuliwa ikazimeza Kilimani, Kileleshwa na Westlands. Huko magharibi udongo ni mwekundu na hupitisha maji, miti ni mingi, viwanja vipana kiasi cha kuigeuza nyumba upendavyo. Waafrika walielekezwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaoshika maji, katika safu za vyumba kama zile za reli za Muthurwa. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa afadhali sana. Ilikuwa na nyumba zenye uwanja na miti.

Hata hivyo, huna haja ya kuvuka mji ili kuona tofauti. Ilikuwamo ndani ya kiwanja kimoja. Mbele ilisimama nyumba kubwa yenye dari, baraza na mahali pa moto penye bomba la kutolea moshi. Nyuma, karibu na ua, palikuwa na chumba cha mpishi au cha mtunza bustani: dirisha moja dogo, sakafu ya saruji, bati bila dari. Mafundi walikuwa wale wale, labda na mawe ya machimbo yale yale. Mwenye nyumba ya mbele aliweza kununua kuni na umeme kadiri alivyotaka, na nyumba yake haikuvihitaji sana. Mwenye chumba cha nyuma alihesabu senti za makaa, na chumba chake kililitoa joto nje mara tu lilipozaliwa. Mimi huiita hiyo kodi, ijapokuwa haikuandikwa katika daftari ya serikali yoyote: mtu maskini kupewa nyumba inayokula moto mwingi kuliko zote.

Umeme wenyewe ulikuwa umekwisha kuja. Kampuni ya kwanza ya umeme ya Nairobi ilianzishwa katika mwaka 1906, ikatumia nguvu za maji ya mto Ruiru. Mwaka 1922 iliunganishwa na ile ya Mombasa. Kwa miaka mingi nguzo zake zilifuata barabara za wenye fedha.

Kati ya wasanifu waliokuja kufanya kazi mjini, wawili wafaa kutajwa. Wa kwanza ni Ernst May, Mjerumani. Kati ya mwaka 1925 na 1930 alikuwa ameongoza ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi katika mji wa Frankfurt, akizipanga safu kwa safu ili kila familia ipate jua. Alikuja Tanganyika mwaka 1934 kulima, kisha akahamia Nairobi, na ukitoa miaka aliyofungwa wakati wa vita, alifanya kazi huko hata mwisho wa mwaka 1953. Fikiri mtu aliyezoea kulikaribisha jua analazimika kujifunza kulibishia hodi! Wa pili ni Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, aliyesanifu majengo ya Bunge, kisha ofisi za sheria za serikali zilizomalizika mwaka 1960, ambazo upande wake wa mbele umefunikwa kwa kimia cha saruji: nuru yaingia, jua lenyewe labaki nje. Ukipita katikati ya mji, simama utazame kimia hicho, halafu tazama minara ya vioo iliyojengwa baadaye, ambayo hulikaribisha jua la alasiri na kisha kulipia umeme wa kulifukuza.

Baada ya uhuru mwaka 1963 masharti ya rangi yaliondoka, na mwenye fedha wa taifa lolote aliweza kununua Lavington. Mvua zilipokosekana na mabwawa kupungua, umeme ukagawanywa kwa zamu katika mwaka 2000, na wengi walijua kwa mara ya kwanza kama vyumba vyao vina nuru ya mchana au havina. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulifungua huko Gigiri jengo la watu 1,200, lenye nyua za ndani za kuingiza nuru na vibao vya jua juu ya paa. Mwaka 2012 serikali ilitoa kanuni zilizotaka majengo yatumiayo zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yatumie jua kuyapasha. Leo katika Kileleshwa na Kilimani nyumba nyingi za zamani zimevunjwa na maghorofa kusimama, na hata ghorofa iliyosanifiwa vema yaweza kuamka siku moja ikute kivuli cha jirani kimekaa juu ya matangi yake.

Utunzaji nao una sheria zake, na hauchagui tajiri. Majani yakiziba mfereji wa paa, maji huingia ukutani, na ukuta uliolowa hupitisha joto upesi kuliko mkavu. Kibao kilichofunikwa na vumbi hukinyima nguvu chumba. Mti wa upande wa machweo ukikatwa ili gari lipate mahali, chumba cha pale hubadilika kabla ya wiki kwisha.

Lavington na Kawangware ni majirani, na Kangemi iko ng'ambo ya bonde. Huko maelfu ya watu hupanga vyumba vya bati vilivyo ndugu wa kile chumba cha nyuma. Julai mawingu hufunika mji siku nyingi, na usiku watu huingiza jiko la makaa ndani. Tangu miaka ya 1980 mafundi wa Nairobi wametengeneza jiko lenye kikombe cha udongo uliochomwa, linaloipunguza sana gharama ya makaa, lakini hata hilo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Na mtu aliyeziba kila ufa ili baridi isiingie ameiziba gesi ndani pia. Kila msimu wa baridi wako wasioamka. Wapangaji wengine hubandika maboksi ya karatasi nyuma ya bati, tabaka juu ya tabaka, na kutundika kitambaa chini ya paa. Hewa hukamatwa katikati ya maboksi kama ilivyokamatwa katika nyasi za Kikuyu. Wenye maarifa zaidi huacha tundu la upana wa kiganja juu ya mlango, na jiko hulitoa nje kabla ya kulala.