Ng'ombe au ngombe? Zijue sauti nne zinazopita puani

Bana pua yako kwa vidole viwili, kisha sema "mama". Umesikia? Kimetoka kitu kinachokaribia "baba". Sasa achia pua, sema tena. Midomo imefanya kazi ileile mara zote mbili. Kilichobadilika ni njia ya hewa tu.

Sauti zinazopitisha hewa puani wanaisimu wanaziita nazali, au ving'ong'o. Kiswahili kina nne: m, n, ny na ng'. Ukitaka mifano huhitaji kwenda mbali, majina ya mkoani Rukwa yamejaa nazali: Sumbawanga, Mazwi, Namanyere, Kalambo, Nkasi.

Zinatamkwaje?

Nyuma kabisa juu ya mdomo kuna kaakaa laini. Linapanda na kushuka kama mlango. Likipanda, njia ya puani inafungwa. Likishuka, hewa inapita puani. Baada ya hapo, kinachotofautisha nazali moja na nyingine ni mahali unapoziba mdomoni:

• M: unafunga midomo yote miwili (mama).
• N: ncha ya ulimi inagusa ufizi, nyuma ya meno ya juu (nanasi).
• Ny: sehemu ya kati ya ulimi inagusa kaakaa gumu (nyanya).
• Ng': nyuma ya ulimi inagusa kaakaa laini (ng'ombe).

Kwa nini si Sumbawang'a?

Tamka jina la mji polepole: Su-mba-wa-nga. Kwenye "nga" kuna g inayosikika vizuri baada ya nazali. Ukiweka ile alama ya juu, yaani ritifaa, g inapotea na jina linakuwa jingine kabisa. Ziwa Tanganyika nalo ni hivyohivyo: g yake inasikika, kisha inafuata ny.

Kwa hiyo ritifaa si pambo. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoota au kilichochomekwa, kama jino au mti. Ngoa ni wivu au tamaa. Alama moja tu, maana mbili.

Nazali humfuata jirani

Angalia mb, nd na ng. Midomo inayotamka b ndiyo inayotamka m. Ulimi unaotamka d ndio unaotamka n. Yaani nazali inahamia pale ilipo konsonanti inayofuata. Ndiyo maana tunasema ubao lakini mbao, ulimi lakini ndimi, mti mrefu lakini nyumba ndefu, na kazi ngumu.

Lakini p, t, k, f na s huwa zinaikataa nazali hiyo. Tunasema nyumba kubwa, si "nkubwa". Nguo fupi, si "nfupi". Chai tamu, si "ntamu". Neno fupi kama "mpya" limeponea hapo, maana bila m lingebaki silabi moja.

Sasa mbona tunasema mtu, mke na mtoto? Hiyo m ni nyingine. Zamani ilikuwa "mu". Vuka mpaka uingie Zambia, kwa Kibemba mtu ni "umuntu". Kiswahili kiliangusha u, kikaangusha na ile n iliyokuwa mbele ya t. Ikabaki m inayosimama peke yake kama silabi: m-tu.

Ndiyo maana mbuni wawili wanaandikwa sawa lakini hawatamkwi sawa. Mbu-ni ni yule ndege mkubwa asiyeruka. M-bu-ni ni mti wa kahawa.

Kuna mfano mwingine nyumbani kabisa. Vitabu vya historia vinataja falme mbili za Ufipa: Lyangalile na Nkansi. Leo wilaya inaandikwa Nkasi. Ile n iliyokuwa mbele ya s haimo tena, sawa na n ya "muntu" iliyokuwa mbele ya t.

Kumbe Indonesia nao

Lugha za familia ya Austronesia zimeenea kuanzia Madagaska, kupitia Indonesia na Ufilipino, hadi visiwa vya Pasifiki. Hazina undugu na lugha za Kibantu. Hata hivyo Kiindonesia kina nazali nne zilezile kama zetu.

Tofauti ipo kwenye tahajia. Wao wakiandika "ng", wanatamka ng' yetu, kwa hiyo "bunga", yaani ua, linasomeka "bung'a". Wakitaka g isikike wanaandika g mbili: "tangga", yaani ngazi, linasomeka kama Tanga yetu. Ritifaa hawaihitaji.

Kanuni yao nayo inachekesha, maana ni kama yetu iliyogeuzwa. Kwao nazali ndiyo inayoshinda: "pukul" (piga) inakuwa "memukul", "tulis" (andika) inakuwa "menulis", "kirim" (tuma) inakuwa "mengirim". P, t na k zimemezwa. Kwetu ni p, t na k zinazomeza nazali.

Madagaska ndipo familia hizi mbili zilipokutana. Kwa Kimalagasi ng'ombe ni "omby", neno lililotoka kwenye lugha za Kibantu. Nazali ya kati imebaki. Ng' ya mwanzo haipo.

Kwenye simu yako

Kibodi nyingi za simu zinaficha ritifaa kwenye ukurasa wa alama, hivyo wengi wetu tunaandika "ngombe" na maisha yanaendelea. Kwenye meseji ya mshkaji hakuna shida, ataelewa.

Shida ni kwenye majina. Jina kama Ng'wandu likiandikwa na ritifaa kwenye cheti na bila ritifaa kwenye akaunti, mtu anaona jina moja ila kompyuta inaweza kuona mawili. Hata ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili tofauti kwa mashine. Kabla ya kutuma fomu yoyote, linganisha jina na cheti chako, herufi kwa herufi, ritifaa ikiwemo.