Somo la Historia: Chuo cha Ng'ambo ya Kivuko

Fungua daftari lako. Leo tutasoma habari za chuo kimoja tu. Kilianzishwa kwa ajili ya watu wazima ambao shule iliwapita walipokuwa watoto, kisha kikapita katika mikono mingi. Habari zake zakuhusu wewe, kwa kuwa nawe ni mtu mzima uliyerudi darasani.

Ukiwa Dar es Salaam, shuka mpaka feri, upande pantoni, uvuke mlango wa bandari. Baada ya dakika chache utafika Kigamboni. Hapo ufukweni, macho yakitazama mji ng'ambo ya maji, ndipo kilipo chuo kilichofunguliwa Julai 1961 kwa jina la Kivukoni. Angalia tarehe hiyo vizuri. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Basi chuo hiki kiliitangulia bendera.

Kwa nini haraka hiyo? Katika miaka ya 1950 shule za sekondari zilikuwa chache mno. Wengi walioongoza matawi ya TANU, vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika walikuwa na elimu ya darasa la sita au la nane tu. Walijua kusema na watu, wakasikilizwa. Lakini sasa waliitwa kusoma makadirio ya fedha, kuelewa sheria ya kodi, na kujadiliana na wafanyabiashara kuhusu bei ya pamba na kahawa. Mtu wa miaka 35 mwenye mke na watoto hawezi kurudishwa shule ya watoto. Alitakiwa chuo cha kulala huko huko, cha miezi kadhaa, kisichomdai cheti mlangoni.

Mwalimu Julius Nyerere na wenzake waliunda mfuko wa elimu, fedha zikachangwa na wananchi hapa nchini na marafiki wa ng'ambo. Bibi mmoja Mwingereza, Joan Wicken, alifanya kazi kubwa ya kukusanya fedha hizo. Baadaye akawa msaidizi wa Mwalimu kwa miaka mingi.

Mfano ulitoka Uingereza. Katika mji wa Oxford, penye chuo kikuu cha zamani sana, mwaka 1899 Wamarekani wawili, Charles Beard na Walter Vrooman, walifungua chuo cha wafanyakazi kilichoitwa Ruskin. Wachimba makaa ya mawe na watu wa reli walisoma humo uchumi, historia na siasa. Mwaka 1909 wanafunzi wake waligoma, wakakataa kuingia darasani, kwa kuwa waliona chuo kinavutwa upande wa wakubwa wa chuo kikuu badala ya kubaki chao. Weka jambo hilo moyoni, maana swali la chuo ni cha nani tutakutana nalo tena.

Kivukoni nako masomo yalikuwa uchumi, siasa, historia. Nisikudanganye: hakikuwa chuo cha kuanzia a, e, i, o, u. Masomo ya miaka ile ya kwanza yalitaka mtu ajue kusoma vizuri, na Kiingereza pia. Hata hivyo aliyeingia hakuulizwa alifaulu mtihani gani; aliulizwa amefanya kazi gani kwa watu. Chuo kilitoa na jarida lake, Mbioni, na jina lenyewe laonyesha mwendo wa siku zile.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwaka 1971 TANU ikakifanya Kivukoni kuwa chuo chake cha itikadi, na TANU na ASP zilipoungana tarehe 5 Februari 1977, kikawa cha CCM. Hapa watu hawakubaliani. Wengine husema chama ndicho kilichokianzisha, basi kilikuwa na haki ya kukitumia. Na ni kweli kwamba viongozi wengi wa vijiji, viwanda na serikali walipita hapo wakajifunza mengi. Mimi naona kitu fulani kilipungua. Mwanafunzi wa 1962 alipewa hoja mbili azipime. Chuo cha itikadi kazi yake ni kueleza hoja moja vizuri. Hayo ni mafunzo ya namna nyingine, hata kama mwalimu ni hodari.

Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa tena, na chuo hakikuweza kubaki cha chama kimoja. Kikageuzwa chuo cha sayansi ya jamii. Kisha, kwa sheria ya mwaka 2005, kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, mali ya umma, kikiwa na tawi Zanzibar. Siku hizi kinatoa vyeti, stashahada na shahada, na wanafunzi wake ni maelfu. Wengi wao ni vijana waliotoka sekondari. Mwombaji huulizwa alama zake za kidato cha nne. Mwenyekiti wa ushirika mwenye darasa la saba na akili nyingi, yule ambaye chuo kilijengewa, hana mlango hapo kwa sifa ya kazi yake peke yake.

Mlango wake ulihamia kwingine: vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano na msaada wa Sweden, ambavyo bado viko zaidi ya 50. Humo hufundishwa useremala, ushonaji, kilimo, ufundi magari. Uchumi na siasa kwa watu wazima, kama kule Kivukoni, hupati kwa urahisi.

Kazi ya kikundi. Mwenye mzee wa ukoo au jirani aliyesoma Kivukoni zamani amwendee kwa heshima, amwulize: "Mzee, shikamoo. Darasani mliweza kumbishia mwalimu?" Jibu liandikwe kwa mistari mitano, pamoja na mwaka aliosoma, lisomwe mbele ya wenzako katika somo lijalo.