Vipodozi na majaribio kwa wanyama: mnunuzi wa Wandegeya ajue nini kabla ya kuacha chapa aipendayo?

Chini ya kilima cha Makerere, pale Barabara ya Bombo inapokata Wandegeya jijini Kampala, wanafunzi wa chuo kikuu, wauguzi wa Mulago na wachuuzi wa sokoni hununua losheni, wanja, sabuni na rangi za midomo katika maduka yaleyale. Bidhaa nyingi zimetoka mbali: Kenya, China, Ghuba na Ulaya. Juu ya baadhi ya chupa hizo pamechapwa picha ndogo ya sungura. Kwa mnunuzi asiyetaka urembo wake ugharamiwe na mateso ya mnyama, picha hiyo ina maana kubwa. Hata hivyo haimwelezi kila jambo, na makosa katika kuisoma yanaweza kumdhuru yeye mwenyewe.

Majaribio hayo yalianzaje?

Mnamo mwaka 1933, rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure iliharibu macho ya wanawake kadhaa nchini Marekani, na mmoja wao akafariki. Mwaka 1938 Marekani ilitunga sheria iliyoviweka vipodozi chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 1944 mtaalamu wa sumu John Draize na wenzake wakaeleza jaribio ambalo hadi leo hujulikana kwa jina lake. Dutu inayochunguzwa hutiwa katika jicho moja la sungura, na jicho la pili huachwa kwa ajili ya kulinganisha. Kwa siku kadhaa mtafiti huandika kiasi cha wekundu, uvimbe na vidonda. Ngozi iliyonyolewa nayo hupakwa dutu ili kuona iwapo itawashwa. Simbilisi na panya wametumika kuchunguza mzio.

Kwa hiyo majaribio haya yalizaliwa na haja ya kumlinda binadamu. Hoja ya wanaoyapinga ni kwamba haja hiyo sasa inaweza kutimizwa kwa njia nyingine: tabaka za ngozi ya binadamu zinazokuzwa maabara, hesabu za kompyuta, na matumizi ya viambato ambavyo usalama wake umekwisha kujulikana.

Wanunuzi waliweza nini?

Tarehe 15 Aprili 1980, kundi la wanaharakati lililoongozwa na Henry Spira lilichapisha tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la The New York Times, likiuliza kampuni ya Revlon ilikuwa ikipofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kabla ya mwaka huo kwisha, Revlon ilitoa ahadi ya dola 750,000 kwa utafiti wa njia mbadala, na mwaka 1989 ikatangaza kuachana na majaribio kwa wanyama.

Sheria zilifuata. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kujaribu vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, kisha viambato vyake mwaka 2009. Tangu tarehe 11 Machi 2013 hauruhusu kuuzwa kwa vipodozi vilivyojaribiwa hivyo kwa ajili ya soko lake, hata kama majaribio yamefanyika nje ya mipaka yake. India nayo ilichukua hatua kama hiyo mwaka 2014.

Kwa nini chapa moja huwa na majibu mawili?

Sababu ya kwanza ni soko. Kwa miaka mingi China ilidai vipodozi vinavyoingizwa nchini humo vijaribiwe kwa wanyama. Kampuni iliyojitangaza kuwa safi Ulaya iliweza kukubali majaribio ili iuze China. Tangu tarehe 1 Mei 2021, bidhaa za kawaida kama shampuu na losheni zaweza kusamehewa zikiwa na vyeti vinavyotakiwa. Msamaha huo hauzihusu bidhaa za kundi maalumu, kama vile rangi za nywele na krimu za kung'arisha ngozi.

Sababu ya pili ni umiliki. The Body Shop, iliyoanzishwa na Anita Roddick nchini Uingereza mwaka 1976 na kusifika kwa kupinga majaribio hayo, ilinunuliwa na L'Oréal ya Ufaransa mwaka 2006, kisha ikauzwa kwa Natura ya Brazil mwaka 2017. Hapa Afrika Mashariki, chapa ya Nice & Lovely, inayofahamika na wengi kuwa ya Kenya, iliingia mikononi mwa L'Oréal mwaka 2013. Mnunuzi huamua mwenyewe iwapo anaihukumu chapa peke yake au pamoja na kampuni mama.

Alama ya sungura haisemi nini?

Alama ya sungura anayeruka, iliyoasisiwa na muungano wa mashirika ya kutetea wanyama mwaka 1996, huitaka kampuni iwafuatilie hata wanaoiuzia viambato na ikubali ukaguzi huru. Michoro mingine ya sungura haina masharti hayo, na yeyote mwenye mtambo wa uchapaji aweza kuichora. Tena, kutojaribiwa kwa wanyama si sawa na kutokuwa na kitu cha mnyama: nta ya nyuki na mafuta ya sufu ya kondoo vyaweza kuwamo.

Kubwa zaidi, alama hiyo si cheti cha usalama wa ngozi. Zebaki na haidrokwinoni, ambazo hupatikana katika mkorogo, zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Uganda. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na yaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Anayeacha losheni ya kampuni inayojulikana na kuchukua kopo lisilo na orodha ya viambato huenda amemhurumia sungura na kujiumiza mwenyewe.

Maswali ya kuuliza dukani

Kwanza, je, alama ya sungura inathibitishwa na orodha ya shirika lililoitoa? Orodha hizo husomeka bure kwenye intaneti. Pili, nani anamiliki chapa hii, na anaiuza wapi? Tatu, je, kopo lina jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi? Kwa bidhaa inayotengenezwa Uganda, tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Taifa, UNBS.

Asiyeridhika na majibu anaweza kumaliza kopo alilonalo, maadamu ni salama, na asinunue jingine. Kulitupa hakumrudishii mnyama jicho lake. Kinachohesabiwa na kampuni ni mauzo yajayo, na mwenye duka anayeulizwa swali hilohilo na wateja wengi hulipeleka kwa anayemletea mzigo.