Imani na Taasisi: Kudhoofika kwa Dini Nchini Ubelgiji na Kongo

1. Swali lenyewe

Wanaoandika juu ya kudhoofika kwa dini mara nyingi huyachanganya mambo mawili. La kwanza ni kupungua kwa imani mioyoni mwa watu. La pili ni kupungua kwa nguvu za taasisi zinazoibeba imani hiyo, yaani shule, hospitali, vyama vya vijana na magazeti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo hayaendi sambamba daima, na kwamba athari zake kwa jamii hazifanani. Tumechagua nchi mbili zilizofungamanishwa na historia: Ubelgiji, ambako imani ilipungua huku taasisi zikidumu, na Kongo, ambako taasisi zilipigwa huku imani ikidumu.

2. Ubelgiji: waumini wapungua, shule zabaki

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Mbelgiji Mkatoliki aliweza kusoma, kufanya kazi, kuugua na kuzikwa bila kutoka nje ya vyama vya dini yake. Alikuwa na shule, chama cha wafanyakazi, bima ya ugonjwa na hata chama cha siasa. Wasoshalisti na waliberali nao walijijengea vyao. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya shule, nao ulikomeshwa na Mapatano ya Shule ya mwaka 1958: serikali iligharimia mishahara ya walimu wa shule za Kanisa, na wazazi wakahakikishiwa uhuru wa kuchagua.

Miaka michache baadaye watu walianza kuyahama makanisa. Mnamo 1967 Wabelgiji wapatao 4 katika kila 10 walikuwa wakihudhuria misa ya Jumapili. Mwishoni mwa karne hiyo alibaki takribani 1 katika kila 10. Uzito wa Kanisa katika kutunga sheria ulipungua pia. Aprili 1990 mfalme Baudouin alikataa, kwa sababu ya dhamiri, kutia sahihi sheria iliyoruhusu utoaji mimba. Mawaziri walitangaza kwamba hawezi kutawala, wakaiidhinisha sheria wao wenyewe, na Bunge likamrudishia madaraka yake siku iliyofuata.

Hata hivyo shule hazikufungwa. Hadi leo, katika eneo la Flanders, mtandao wa shule za Kikatoliki ndio mkubwa kuliko mingine yote, na mzazi asiyesali humpeleka mtoto wake huko bila wasiwasi. Upungufu umeonekana zaidi altareni. Parokia kadhaa za Ubelgiji sasa zinahudumiwa na mapadre waliotoka Kongo, wajukuu wa watu waliobatizwa na wamisionari wa Kibelgiji.

3. Kongo: taasisi zapigwa, imani yabaki

Mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru la Kongo yaliahidi misheni za Kikatoliki ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kila kituo, kwa sharti la kufungua shule. Tusiupambe utaratibu huo. Uliutumikia ukoloni, na shule za Kiprotestanti zilinyimwa ruzuku mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Lakini Wakongo walio wengi waliojua kusoma ulipofika uhuru mwaka 1960 walikuwa wamefundishwa herufi katika shule za misheni.

Serikali ya Mobutu iliziona taasisi hizo kuwa mshindani. Mwaka 1971 chuo kikuu cha Kikatoliki cha Lovanium, kile cha Kiprotestanti cha Kisangani na kile cha serikali cha Lubumbashi viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa, na vyama vya vijana vya kidini vikavunjwa ili chama cha vijana cha MPR kibaki peke yake. Mwaka 1974 Krismasi iliondolewa katika sikukuu za taifa, na mwishoni mwa mwaka huo uamuzi ulitolewa wa kutaifisha shule za makanisa. Somo la dini lilitoa nafasi kwa mafunzo ya uraia na siasa.

Serikali ilirithi majengo, ila haikurithi mikono iliyoyatunza. Wakati huohuo bei ya shaba iliporomoka na hazina ikakauka. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi wa shule: mtaala na mishahara vikabaki juu ya serikali, uendeshaji wa kila siku juu ya makanisa.

4. Athari

Je, katika miaka hiyo Wakongo waliacha kuamini? Hasha. Kilichopotea ni uaminifu wa ahadi kati ya serikali, Kanisa na mzazi. Mishahara iliponyauka, tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliombeba mwalimu, hata shule ya msingi ya serikali ilipoanza kutolewa bure mwaka 2019. Mtoto wa maskini ndiye aliyelipa gharama: alifukuzwa darasani kwa kukosa karo, katika shule iliyojengwa kwa ajili yake.

Lugha nayo imeweka kumbukumbu. Lubumbashi, mtu akitaka kujua dini ya mwenzake, humwuliza: "Unasali wapi?" Swali linataka mahali, na zamani jibu lilikuwa mahali kweli: jina la parokia au la misheni. Tangu uhuru wa kuabudu ulipopanuliwa mwaka 1990 na makanisa ya uamsho kuongezeka, jibu limekuwa mara nyingi jina la mtu: "kwa pasta fulani". Makanisa hayo huwafariji wengi, na hatuna sababu ya kuyadharau. Lakini kanisa linalosimama juu ya mtu mmoja ni vigumu kulea shule kwa miaka hamsini.

5. Hitimisho

Historia ya nchi hizi mbili inatuonya tusipime hali ya jamii kwa kuhesabu waumini peke yao. Ubelgiji imepoteza waumini wengi bila kuwapotezea watoto shule, kwa kuwa kazi za pamoja zilikuwa zimeshapata mlipaji na msimamizi. Kongo ina waumini tele, na bado mwalimu wake hungoja mshahara. Anayetaka kuiondoa taasisi ya dini, au kuirudisha, anapaswa kujibu kwanza ni nani atakayemlipa mwalimu huyo, na ni nani atakayewajibika mbele ya wazazi asipolipwa.