Bei ya kashe: notere, sheria na karatasi zetu

Wandugu wanamemba, kila tunapopita katika sekta zetu nne, Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, kuna ulizo moja halikose: notere anapashwa kulipwa ngapi? Wengine wanauliza juu ya akte ya kuuzisha parsele. Wengine juu ya prokirasio, ile barua ya kumpa ndugu mamlaka ya kuchunga mali, yenye walitaka kumwachia mjomba wakati wao walikuwa ngambo ya ziwa. Wengine juu ya statuti ya kikundi. Jibu la haraka ni hili: bei iko, imeandikwa, na si notere mwenyewe anayeipanga. Lakini jibu hilo peke yake halisaidie mtu, sababu bei imeandikwa tangu zamani na watu wanaendelea kulipa ingine. Kwa hiyo tumeonelea tueleze namna mambo yalikuja mpaka kufika hapa.

Kumpangia mwandishi wa karatasi bei si mambo ya jana. Mwaka 301, Diocletian, mfalme wa Roma, alitoa amri ya kuweka bei ya mwisho kwa vitu na kazi nyingi: ngano, viatu, mushahara wa fundi. Ndani yake alimutaja pia mwandishi wa mikataba na barua za mashitaka, mutu ambaye kazi yake inafanana na ya notere wetu. Huyo asipite denari 10 kwa mistari 100. Kwa amri ileile, mufanyakazi wa shamba alipangiwa denari 25 kwa siku, pamoja na chakula. Maana yake mutu wa jembe, kwa jasho la siku moja, angeweza kuandikisha mistari 250. Wandugu, tuhesabu hapa kwetu: akte moja ya parsele ni siku ngapi za jembe?

Amri hiyo haikudumu. Adhabu yake ilikuwa kifo, na bado vitu vilijificha sokoni mpaka amri ikaachwa. Hatuiletee hapa kwa kuisifu. Ila kitu kimoja ndani yake ni cha akili: mistari inahesabika. Hata mutu asiyejua kusoma angeweza kuweka kidole juu ya karatasi, kuhesabu, na kujua kama amepunjwa. Kwetu mulipaji hana kitu cha kuhesabu.

Wabelgiji walipokuja na sheria zao hawakuleta notere wa namna ya kwao. Kule Ubelgiji notere ana biro yake mwenyewe na anakula kwa kazi yake, ndiyo maana serikali yao inamupangia bei. Tarifu waliyotoa tarehe 16 Desemba 1950 ilijulikana sana. Huku Kongo notere alikuwa mutu wa leta. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Feza unayotoa mbele ya mutu wa leta si mushahara wake, ni haki ya leta. Yeye anapaswa kuipitisha tu.

Lakini babu zetu hawakuingia sana katika biro hiyo. Tangu tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold ulitangaza kwamba ardhi yote "isiyo na mwenyewe" ni ya serikali, na karatasi za udongo zilikuwa za makampuni, misioni na wazungu. Mutu mweusi alibaki chini ya desturi na chifu wake. Kashe aliyoijua ilikuwa ya kodi na ya kitabu cha utambulisho. Kashe ilikuwa kitu cha kuogopa, si huduma ya kuulizia bei. Woga huo, kwa maoni yetu, bado uko. Mutu anakohoa, anaweka kofia chini, anatoa feza bila kuuliza.

Uhuru ulipopatikana, sheria mbili zilifuatana kwa siku mbili. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka ile inayoitwa ya Bakajika, ya kurudishia taifa ardhi yake. Tarehe 9 Juni ikatoka ordonansi-sheria namba 66-344 juu ya akte za notere. Kisha tarehe 20 Julai 1973 ikaja sheria ya ardhi: udongo wote ni wa serikali, na haki juu ya kipande cha udongo inashuhudiwa kisheria na sertifika ya kuandikishwa tu. Juu ya ardhi ya vijiji, kifungu 389 kilisema Rais atatoa ordonansi ya kuieleza. Miaka ikapita, makumi ya miaka, vijiji vikingoja.

Na tukumbuke nani alikuwa wapi mwaka huo wa 1973. Sehemu ya milima ya Fizi ilikuwa mikononi mwa PRP ya Laurent-Désiré Kabila tangu 1967. Mukuu wa biro ya ardhi hangeweza kupanda huko na kalamu yake. Mwenye kuzaliwa Hewa Bora wakati huo alikua bila kuona biro hata moja ya leta. Sheria ilisema sertifika; watu walikuwa na mashahidi, mipaka ya miti, na neno la mzee.

Kisha vita ya 1996, na ile ya 1998. Watu walivuka Tanganyika na mitumbwi, na hata wachache waliokuwa na karatasi waliziacha ndani ya nyumba zilizochomwa. Oktoba 2005 meli za wenye kurudi zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka, na hapo njo shida ya kashe ilipata nguvu. Kila mutu alitaka karatasi kwa wakati mumoja, na aliyekuwa amebaki ao amerudi wa kwanza alikuwa na karatasi mbele ya wengine.

Tumeona kesi nyingi, tuchukue moja. Mama mujane, alitoka Lugufu na watoto, akakuta parsele ya marehemu bwana yake imeuzishwa na ndugu wa bwana. Mununuzi alikuwa na akte yenye kashe. Mama alikuwa na barua ya shefu wa lokalite tu. Wakamwambia naye atafute akte. Alizunguka biro tatu, akapewa bei tatu, na hakuna hata moja iliyoandikwa pahali. Ile aliyolipa, alilipa mukononi, akapewa kipande cha daftari kimeandikwa kwa Bic. Kesi ilipofika mbele, kile kipande hakikusema kitu.

Sasa, sheria inasema nini juu ya ile feza? Bei za kazi za notere wa serikali zinawekwa na arete ya mawaziri wawili, wa Sheria na wa Feza. Tangu mwisho wa 1995 kuna DGRAD, iliyoundwa ili feza hizo zisipite mukononi mwa yule anayepiga kashe. Njia yake ni hii: biro inaandika kazi iliyofanyika, DGRAD inatoa karatasi yenye maneno "Note de perception" juu yake, wewe unaenda kulipa banki, unarudi na ushuhuda wa malipo. Mupiga kashe hapaswi kugusa franka yako. Na kodi ya sheria ya adhabu, ya tarehe 30 Januari 1940, katika kifungu 146, inahesabu kama kosa mutumishi wa leta kudai ao kupokea kitu anachojua hakidaiwe, ao kinachopita kile kinachodaiwa: kifungo cha miezi 6 mpaka miaka 5. Kosa hilo ni la anayepokea. Mama wetu hakuvunja sheria kwa kulipa.

Mupaka wa bei uko basi, na ni mukali. Udhaifu wake ni barabara. Pale ambapo banki iko mbali na biro, kwenda na kurudi kunakula feza kuliko kashe yenyewe, na mutu atasema afadhali amulipe huyu hapahapa. Ile "afadhali" ndiyo inayoua sheria, zaidi ya ubaya wa watu. Tena leta ikitaka kuja, inakuja: Februari 2011 korti ya kijeshi ilihamia Baraka kusikiliza kesi ya ubakaji wa Fizi, ikakaa, ikakata hukumu palepale. Notere na mutu wa DGRAD, siku chache kwa mwaka, ni mzigo mdogo kuliko korti.

Neno moja juu ya machifu, sababu kuna kuchanganya. Barua ya shefu ni ushuhuda, na kwa ardhi ya kijiji ni ushuhuda wa maana, muitunze. Lakini shefu si notere. Akikuomba feza "ya notere", hiyo feza haina arete nyuma yake.

Jambo hili linatugusa hata kama kikundi. Sheria namba 004/2001, ya tarehe 20 Julai 2001 (Julai 20 tena!), inasema mapatano ya kuunda shirika lisilo la faida yaandikwe kwa akte otantiki, la sivyo ni bure, na wanamemba wasipungue saba. Ndiyo kusema kikundi chochote kinachotaka jina la kisheria kitapita mbele ya notere, na feza itatoka katika kasha letu la kusaidiana, lile la matanga na la hospitali.

Komite inaandika barua ya kuomba mambo mawili: bei zibandikwe mulangoni, kwa franka na kwa Kiswahili, na notere aje Baraka na Fizi kwa siku zinazojulikana. Ili barua iwe na uzito tunahitaji mifano. Wale wote waliolipa akte, prokirasio ao statuti, walete karatasi zao kwa katibu kabla ya mukutano wa mwezi ujao: nota, risiti, hata kile kipande cha daftari. Tutanakili, kisha tutarudisha kwa mwenyewe. Majina hatutayaandika.